Mazda Roadster: kibandiko kinasema 200, ubavu wa tairi unasema 51, kituoni wananijazia 38. Nishike ipi?

Mkazi wa Kigamboni

Habari za wakati huu, wakubwa kwa wadogo. Naomba msaada wenu katika jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa dogo, lakini mimi limekwisha kunigharimu matairi mawili.

Mwaka jana nilinunua Mazda Roadster ya kizazi cha tatu, gari la michezo la viti viwili na paa la turubai, lenye injini ya lita 2 mbele, huku magurudumu ya nyuma yakiwa ndiyo yanayosukuma. Lilikuja kutoka Japani, na halina taa ya kwenye dashibodi inayoonya upepo ukipungua, wala kwenye buti hakuna tairi la akiba. Matairi yake ni 205/45R17. Tangu nilichukue nimekuwa nikijaza upepo katika kituo cha mafuta kilicho njiani mwangu, na mhudumu wa pale hajazi chini ya psi 38 (psi ni kipimo cha upepo, paundi kwa kila inchi ya mraba), liwe gari gani, kwa imani kwamba upepo mwingi hukinga rimu zisipigwe na mashimo. Sikumbishia, kwa sababu sikuwa na hoja ya kumpa.

Wiki iliyopita, nilipokuwa nikiosha gari, nilipitisha kiganja juu ya tairi la nyuma la kushoto nikahisi kitu kama bonde. Nilipoinama kutazama niliona mifereji ya katikati imekaribia kuisha kabisa, ilhali ya pembeni bado ina kina cha kuridhisha. La kulia liko vivyo hivyo. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nikipita kwenye viungio vya Daraja la Nyerere gari hurukaruka sehemu ya nyuma, na kwa nini siku moja ya mvua za masika, nikikata kona kwa mwendo wa kawaida kabisa, nyuma ilihama mpaka nikalazimika kuzungusha usukani upande wa pili ili kulirudisha barabarani. Mke wangu alikuwa pembeni yangu, na siku hiyo sikulala vizuri.

Sasa nimeagiza matairi mapya na sitaki kurudia kosa, lakini kila ninayemuuliza ananipa namba yake. Kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva kimeandikwa kwa Kijapani, ila tarakimu zinasomeka: 200 mbele na 200 nyuma. Ubavuni mwa tairi pamechongwa 51 PSI. Mhudumu anasema 38. Rafiki yangu anayependa mbio ananishauri nishuke hadi 26, eti gari lishike barabara. Je, namba sahihi ni ipi, na inategemea nini? Mwishoni mwa mwezi wa sita tunatarajia kwenda Arusha kwa gari hili, na ningependa kuondoka Dar nikiwa na uhakika.

Fundi Mstaafu, Ilala

Mwanangu, pole kwa matairi, na shukuru kwamba kona ile ilikuachia. Nimefanya kazi ya matairi na alaimenti kwa miaka 27, na ugonjwa ulioueleza ndio nilioukuta mara nyingi kuliko wowote katika magari mepesi: upepo wa gari zito uliowekwa ndani ya gari jepesi.

Tuanze na hizo namba, maana kila moja inajibu swali lake. Ile 200 ya kwenye kibandiko ni kilopaskali, kipimo kingine cha upepo. Gawanya kwa 6.9 utapata psi 29. Hiyo ndiyo namba ya gari lako, iliyochaguliwa na waliolitengeneza baada ya kupima uzito wake, springi zake na saizi ya matairi yake, na maana yake ni upepo uliopimwa tairi likiwa baridi. Ile 51 ya ubavuni si namba ya kujaza hata kidogo. Ni ukomo ambao mtengenezaji wa tairi anakukataza kuuvuka, na tairi hilohilo laweza kufungwa kwenye magari kumi tofauti yenye vibandiko kumi tofauti. Mtu akijaza 51 kwa sababu ameisoma pale, amelichukua katazo akalifanya agizo.

Sasa kwa nini 38 imekula katikati? Chukua uzito wa gari lako, kilo 1,100 na kidogo, ongeza wewe na mkeo, utafika kama kilo 1,260. Kila tairi linabeba takriban kilo 315. Kwa upepo wa kilo 2 kwa kila sentimita ya mraba, ambao ndio huo wa 200, eneo la tairi linalogusa lami ni kama sentimita za mraba 157, yaani kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole. Ukipandisha hadi 38, eneo hilo linashuka karibu na sentimita 118. Hesabu hii ni ya kukadiria, kwa kuwa ubavu wa tairi nao unabeba sehemu ya mzigo, lakini mwelekeo wake ni wa kweli: umelinyang'anya gari robo ya mguu wake, na kipande kilichobaki chini ni kile cha katikati, kwa sababu uso wa tairi umevimba kama tumbo la mtungi. Kipande hicho kikaisha, na kilipoisha mvua ikakukuta huna mifereji ya kupitishia maji pale hasa unapokanyagia.

Kuna kipimo ambacho nawafundisha vijana wangu, na wewe waweza kukifanya nyumbani. Chukua chaki, piga mstari mnene kuukata uso wa tairi kutoka bega moja hadi lingine, kisha endesha polepole, moja kwa moja, kama mita hamsini kwenye lami tambarare, ushuke utazame. Chaki ikiwa imefutika katikati na kubaki nyeupe mabegani, upepo umezidi. Ikifutika mabegani na kubaki katikati, umepungua. Ikifutika kwa usawa, hapo ndipo panapotakiwa, na kwa gari kama lako nategemea utapakuta kati ya 28 na 31.

Namna ya kupima ni muhimu kama namba yenyewe. Pima alfajiri kabla gari halijatembea, au likiwa limepumzika kwa muda wa saa tatu kivulini. Ukienda kilomita kumi ukafika kituoni, tairi limekwisha kupata joto na geji itasoma psi 3 au 4 zaidi. Ukizitoa hizo ili urudi 29, asubuhi utaamka una 25. Hata jua tu linadanganya: gari likiegeshwa ubavu mmoja ukiwa juani, matairi ya upande huo yatasoma juu kuliko ya upande wa kivuli ingawa upepo ni uleule. Na nunua geji yako mwenyewe. Nyingi za vituoni zimeanguka chini mara nyingi kiasi kwamba mshale wake haurudi kwenye sifuri hata ukiwa haujachomeka popote.

Ushauri wangu kwa barabara zetu: jaza 30, mbele na nyuma sawa. Ile moja ya nyongeza ni kwa ajili ya mashimo na kwa ajili ya upepo unaopotea wenyewe, kwa kuwa tairi zima lisilo na tatizo hupoteza kama psi 1 kwa mwezi. Ubavu wa tairi lako una urefu wa milimita 92 tu, na ukishuka hadi 26 kama anavyosema rafiki yako, shimo moja la ghafla litaibana mpira kati ya ukingo wa lami na rimu mpaka nyuzi za ndani zikatike. Nimeona matairi mapya yakitupwa kwa uvimbe wa namna hiyo.

Msafiri wa Dodoma

Nimeyasoma ya Mzee wangu kwa heshima, lakini naomba nipingane naye kidogo. Mimi nina magari mawili na yote huyajaza 36, mwaka wa tisa sasa, na sijapasukiwa na tairi hata siku moja. Katika barabara kuu ninachokiona kinaua watu ni tairi lenye upepo mdogo: linapata joto, linachanika, gari linapinduka. Sijawahi kuona ajali iliyosababishwa na tairi lililozidi psi 5. Kwa hiyo kama mtu hana uhakika na geji, nadhani ni salama zaidi akosee kwa kuzidisha kuliko kwa kupunguza, na mafuta pia atakuwa ameokoa.

Fundi Mstaafu, Ilala

Ndugu yangu wa Dodoma, nusu ya neno lako naipokea kwa mikono miwili. Upepo mdogo ni hatari kubwa zaidi, kwa sababu ubavu hujikunja na kujikunjua kila gurudumu linapozunguka, na kule kujikunja ndiko kunakozaa joto linaloliua tairi. Kama lazima mtu akosee, akosee kwa kuzidisha psi 2 au 3.

Lakini hujatuambia magari yako ni ya aina gani. Kama ni ya familia yenye kilo 1,500 au 1,600, na vibandiko vyake vinasema 33 au 35, basi 36 yako iko jirani na ukweli. Kwa Roadster, 36 ni psi 7 juu. Namba moja kwa magari yote ndiyo iliyomfikisha kijana huyu hapa.

Nikupe mfano wa zamani ambao kila anayefanya kazi ya upepo angepaswa kuujua. Chevrolet Corvair ya mwaka 1960 ilikuwa na injini nyuma, na kiwanda kiliagiza psi 15 tu mbele na 26 nyuma. Tofauti ile haikuwa ya mapambo. Ndiyo iliyolifanya gari liende kona kwa utulivu, kwa sababu matairi ya mbele yakiwa laini yalikubali kuteleza kabla ya yale ya nyuma. Wahudumu waliozoea kusawazisha walijaza mbele na nyuma sawa, na gari likawa jepesi wa kurusha mkia. Porsche 911 ya kizazi cha 996, nayo ikiwa na injini nyuma, hutaka 36 mbele na 44 nyuma. Roadster yako imegawa uzito karibu nusu kwa nusu, ndiyo maana kibandiko kinatoa namba ileile kote. Usiruhusu mtu aitofautishe mbele na nyuma bila sababu unayoielewa.

Mwalimu, Arusha

Kaka wa Kigamboni, karibuni Arusha. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na naomba niseme kuhusu safari yenyewe, kwa kuwa watu wengi wakifika huku hupima upepo asubuhi ya kwanza, wakaona namba imebadilika, wakaanza kutoa au kuongeza bila kujua kilichotokea.

Geji haisomi mgandamizo wote uliomo ndani ya tairi. Inasoma tofauti kati ya mgandamizo wa ndani na ule wa hewa iliyotuzunguka. Dar es Salaam, usawa wa bahari, hewa ya nje inasukuma kwa karibu psi 14.7. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu, na hewa ya nje inasukuma kwa psi 12.5 hivi. Kwa hiyo tairi lilelile lenye hewa ileile litaonekana limeongezeka psi 2.2 kwa kupandishwa tu, na si kuonekana tu, kwa maana tairi lenyewe linauhisi upungufu huo wa nje na kukakamaa kweli. Kanuni ya kukumbuka ni kama psi 1.6 kwa kila mita 1,000 za kupanda.

Upande wa pili kuna baridi. Mwezi wa sita alfajiri ya Dar ni kama nyuzi 21, na ya kwetu huwa nyuzi 13 au chini yake. Kwa tairi lenye upepo wa kiasi chako, kila nyuzi 7 zinazoshuka huondoa karibu psi 1. Ukiondoka na 30 ya alfajiri, nyuzi 8 za tofauti zitakutoa psi 1.2 na mwinuko utakuongezea 2.2, na asubuhi ya Arusha geji yako itasoma 31. Usiiguse. Ukishuka nayo pwani itarudi 30 yenyewe. Anayejikuta matatani ni yule anayejaza huku kwa haraka mchana, tairi likiwa moto, akalishusha hadi namba ya kibandiko, kisha akateremka nalo pwani. Huyo hupoteza mara mbili, kwanza tairi linapopoa na tena anaposhuka mwinuko.

Kuhusu mvua, ndugu yetu wa Dodoma ana hoja ambayo ingefaa itamkwe wazi. Majaribio ya NASA, shirika la anga la Marekani, ya miaka ya 1960 kwa matairi ya ndege yalizaa kanuni isemayo kwamba mwendo ambao tairi huanza kuelea juu ya maji hufuata kipeuo cha pili cha upepo wake. Kwa kilomita kwa saa, zidisha kipeuo hicho kwa 16.7. Psi 30 hutoa kama kilomita 91 kwa saa, na psi 20 hutoa kama 75. Kwa matairi ya gari hayo ni makadirio tu, na yanahusu maji yenye kina kinachozidi mifereji ya tairi, lakini yanaonyesha kwa nini tairi lililolegea ni baya siku ya masika. Yanaonyesha pia kwa nini lako lilikuponyoka ingawa lilikuwa na 38: kanuni inadhani maji hayana pa kupita, na katikati ya tairi lako hata maji machache yalikuwa hayana pa kupita.

Mkazi wa Kigamboni

Mzee wangu, Mwalimu, na nyote mliochangia, nashukuru sana. Nimenunua geji ya tarakimu na nimefanya kipimo cha chaki kwenye matairi ya mbele ambayo bado ni mazima: kwa 38 mabega yote mawili yalibaki meupe kwa upana wa vidole viwili, na kwa 30 ilifutika yote isipokuwa ukingo mwembamba wa nje. Sikutegemea kwamba jibu lingeonekana wazi namna hiyo kwa kipande cha chaki.

Nimebakiwa na jambo moja. Matairi mapya yamefika na ni ya saizi ileile, ila ya zamani yalikuwa na alama 84W na haya yameandikwa 88W XL. Muuzaji anasema XL lazima ijazwe zaidi. Ni kweli?

Mtanzania, Stuttgart

Kaka, nina Mazda MX-5, ambayo ni Roadster hiyohiyo kwa jina inalouzwa huku Ulaya, na nilipitia swali hili nilipobadilisha matairi yangu, kwa hiyo nalijibu kwa furaha.

Namba 84 ina maana tairi moja linaweza kubeba kilo 500, na 88 ina maana kilo 560. Herufi W ni mwendo wa juu wa kilomita 270 kwa saa. XL ni tairi lililoimarishwa, na ile kilo 560 hulifikia likiwa na upepo wa kilopaskali 290, wakati tairi la kawaida hufikia mzigo wake kamili kwa 250. Kwa maneno mengine, XL hubeba zaidi kwa sababu linakubali kujazwa zaidi. Ukilijaza 200 kama lile la zamani, linabeba takriban kilo 415, karibu sawa na la kawaida lenye upepo huohuo. Muuzaji ana ukweli kwa gari lililokaribia ukomo wa mzigo wake. Gari lako linaweka kilo 315 kwa kila tairi, na ukiongeza mabegi ya safari hufiki 340. Ile 30 aliyokupa Mzee inatosha na kubaki. Ninachoweza kukuambia kutokana na uzoefu ni kwamba ubavu wa XL ni mgumu zaidi, na mimi niliposhuka kutoka 32 hadi 29 nilipata utulivu zaidi kwenye barabara mbovu bila kupoteza chochote kwenye kona.

Kuhusu rafiki yako wa mbio na 26 yake, nadhani ameisikia mahali penye maana kisha akaihamishia mahali pasipo na maana. Mara mbili au tatu kwa mwaka hulipeleka gari langu Nürburgring, kwenye ile njia ya kaskazini yenye kilomita 20.8 ambayo siku fulani hufunguliwa kwa magari ya watu binafsi. Pale huanza na 27 baridi. Baada ya mzunguko mmoja wa breki na kona mfululizo nashuka, napima palepale kabla halijapoa, na geji husoma 33. Namba inayotafutwa kule ni ile ya moto, na ya baridi hushushwa ili ya moto isipande kupita kiasi. Kabla ya kushika njia ya kurudi nyumbani, pampu ninayoibeba kwenye buti inarudisha 29. Mtu anayeendesha na 27 mjini hatapata joto la kulipandisha kamwe, atabaki na tairi legevu siku nzima.

Mwendo wa kasi nao hudai kinyume chake. Kwenye barabara kuu za Ujerumani zisizo na ukomo wa mwendo, ukitaka kwenda zaidi ya kilomita 160 kwa saa kwa muda mrefu unatakiwa kuongeza upepo, kwa kuwa kasi huzidisha joto la kujikunja kwa ubavu. Kwa safari yako ya Chalinze, Segera, Korogwe hadi Moshi, yenye vijiji vya kilomita 50 kwa saa njia nzima, hilo halikuhusu na naomba lisikuhusu.

Jambo la mwisho kwa matairi hayo mapya: tazama ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi likiwa limekaa dukani miaka sita, hakuna upepo utakaolirudishia ujana.

Mkazi wa Kigamboni

Tumekwenda na tumerudi salama, na nimeona ni haki niwaletee vipimo, kwa kuwa ninyi ndio mlionipa namba.

Niliondoka Kigamboni saa kumi na moja alfajiri na 30 kwenye magurudumu yote manne. Tulipofika Korogwe tulisimama kula, nikapima matairi yakiwa moto: mbele 33, nyuma 34. Nilijizuia nisiguse valvu. Arusha tulifika jioni, gari likalala nje kwenye baridi ambayo mke wangu bado anaizungumzia, na asubuhi kabla ya chai nilitoka na geji yangu. Ilisoma 31 kwenye matairi matatu na 30.5 kwenye moja. Mwalimu, nilisimama pale kwenye umande nikitabasamu peke yangu. Jana, hapa nyumbani, siku ya tatu baada ya kurudi, ni 30, na lile moja ni 29.5, kwa hiyo nitalipeleka kwa mtu wa pancha alitazame valvu yake kwa maji ya sabuni.

Gari limebadilika. Kwenye viungio vya daraja linapita kwa mshindo mmoja mdogo badala ya kuruka, na usukani umekuwa na uzito kidogo ambao sikuwa nikiujua, kama mtu anayekushika mkono kwa makini. Mafuta sikuona tofauti.

Nilimpelekea mhudumu wa kituo picha ya kibandiko nikamweleza kwa utaratibu, naye alinisikiliza vizuri. Ila zamu hubadilika, na siku nyingine atakuwepo mwingine. Kwa hiyo nimeandika 30 kwa kalamu ya rangi nyeupe ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta, mahali ambapo yeyote atakayenihudumia lazima afungue.

Fundi Mstaafu, Ilala

Vizuri sana, mwanangu. Ichukue kalamu tena uongeze neno "baridi" mbele ya hiyo 30. La sivyo siku utakayofika pale ukitoka safari, atakuta 34 akutolee nne.